Je, bastola ya kaliba ndogo inatosha kujihami?

Swali: «Nina miaka 61. Nina kibali cha bastola, na niliyonayo ni ya .380, ndogo sana, kama gramu 270. Vidole vyangu vina baridi yabisi. Kuvuta slaidi, ile sehemu ya juu inayorudi nyuma, ni kazi, na nikipiga risasi kumi mkono unauma hadi kesho yake, kwa hiyo nimeacha kabisa kwenda kwenye uwanja wa shabaha. Muuzaji ananishauri nihamie .22 kwa sababu haina teke. Kijana wangu anasema .22 ni ya kupigia makopo, na kwamba chochote kilicho chini ya 9 mm hakifai kujihami. Nimsikilize nani? Bastola hukaa nyumbani usiku, mara chache naibeba.»

Jibu: Shikamoo, mama. Kijana wako ana haki anaposema 9 mm hufanya kazi kuliko .22. Muuzaji naye ana haki kwamba bastola inayokuumiza hutaizoea, na usiyoizoea haitakufaa siku ya hatari. Ila wote wawili wametazama namba iliyopigwa kwenye kitako cha ganda wakaisahau bastola yenyewe. Kwa ulivyoeleza, kinachokuumiza mkono si .380. Ni zile gramu 270.

Nianze na jibu lenyewe, kisha nikueleze sababu. Kaliba (ukubwa wa risasi) ya .380 inatosha kujihami ikiwa risasi imechaguliwa kwa makini. Ya .32 inatosha kwa shida, na kwa mkono usioweza zaidi ni chaguo la heshima. Ya .22 ni ya yule ambaye vyote vingine vimemshinda, na ina kasoro moja kubwa ambayo haihusiani na nguvu yake. Ya .25 sioni sababu ya kuinunua leo. Wewe, kabla ya kushuka hadi .22, jaribu kwanza .380 ileile ndani ya bastola nzito zaidi.

Tuangalie kwanza risasi ya bastola inafanya nini. Risasi ya bunduki ya vita huenda kwa kasi inayozidi mita 700 kwa sekunde, na mwili hupasuka hata kando ya njia yake. Risasi ya bastola haina kasi hiyo. Inaharibu kile tu inachokigusa, yaani tundu lenye upana wa risasi na urefu wa safari yake. Nyama iliyosukumwa pembeni hurudi mahali pake bila madhara makubwa. Kwa hiyo kuna maswali mawili tu ya kuiuliza risasi ya bastola: imepita wapi, na imefika kina gani?

Mtu anayeshambulia huacha kwa njia tatu. Anaweza kuamua kuacha: ameona silaha, amesikia mlio, ameumia, akakimbia. Anaweza kuishiwa nguvu kwa kupoteza damu. Au mfumo wake wa fahamu unaguswa na mwili unazimika papo hapo. Njia ya kwanza haitegemei sana kaliba, kwa sababu hakuna anayesimama kupima kipenyo cha mtutu aliooneshwa, na hapo hata .22 hufanya kazi. Njia ya pili ni ya polepole kuliko watu wanavyodhani. Hata moyo ukiharibiwa kabisa, ubongo hubaki na oksijeni ya kumwezesha mtu kutenda kwa makusudi kwa sekunde 10 hadi 15. Sekunde hizo ni nyingi mno chumbani. Ya tatu inahitaji risasi ifike ndani sana, mahali padogo, nyuma ya mifupa.

Hapa ndipo penye utata wa kaliba ndogo, na naomba ulishike hili vizuri, mama. Risasi ya .22 inaua. Isichezewe wala isidharauliwe, na kisheria kumpiga mtu nayo ni sawa na kumpiga kwa kaliba yoyote nyingine. Lakini kuua baada ya saa mbili si kumzuia mtu kabla hajakufikia. Anayejihami anahitaji kuzuia, tena mara moja, na hapo ndipo kaliba ndogo hupungukiwa.

Kipimo kinachotumika zaidi duniani kilitoka kwa FBI ya Marekani. Tarehe 11 Aprili 1986, huko Miami, maafisa wake walipambana na wanyang'anyi wawili wa benki. Maafisa wawili waliuawa na watano wakajeruhiwa. Mapema katika mapambano risasi moja ya 9 mm yenye tundu puani ilimpiga mmoja wa wanyang'anyi kwenye mkono, ikapenya ubavuni, ikatanuka kama ilivyoundwa, na ikasimama kabla ya kufika moyoni. Jeraha lile lilikuwa baya, lakini mtu yule aliendelea kupigana kwa dakika kadhaa. Baada ya hapo FBI iliweka kanuni: risasi ya kazi ipenye kwenye jelatini ya asilimia 10 (inayoiga nyama ya mwili) angalau sentimita 30, na isizidi sana 45.

Watu huuliza kwa nini sentimita 30 ilhali kifua hakina unene huo. Sababu ni kwamba mshambuliaji hasimami kama picha ya shabaha. Mikono yake imenyooshwa mbele, huenda ameshika kitu, amegeuka upande, amevaa jaketi zito. Risasi inaweza kulazimika kupita kwanza kwenye mkono, ngozi yake pande mbili na mfupa, kabla ya kuanza safari ya kifuani. Tena ona kwamba risasi iliyoshindwa Miami ilikuwa 9 mm, ile ambayo kijana wako anaiona ndiyo kima cha chini. Kaliba kubwa yenye risasi mbovu hushindwa, na ndogo yenye risasi inayofika hufanya kazi.

Sasa namba, zikiwa za mitutu mifupi ya bastola za mfukoni, si zile za kwenye pakiti ambazo mara nyingi hupimwa kwa mtutu mrefu. Zichukulie kuwa za kukadiria, kwa maana kila aina ya risasi hutofautiana kidogo. Risasi ya .22 LR ina kichwa cha gramu 2.6 na hutoka kwa kasi ya kama mita 290 kwa sekunde. Nishati yake ni juli 110 hivi. Ya .25 ACP ina gramu 3.2 na mita 230, juli 85, maana yake ni dhaifu kuliko .22. Ya .32 ACP ina gramu 4.6 na mita 260, juli 155. Ya .380 ina gramu 6.2 na mita 265, karibu juli 220. Rivolva (bastola yenye silinda inayozunguka) fupi ya .38 Special hutupa gramu 10.2 kwa mita 225, juli 260. Na 9 mm ya gramu 8, hata kwenye mtutu wa sentimita 8 tu, hufika mita 335 na juli 450.

Utaona ngazi kubwa iko kati ya .380 na 9 mm. Kijana wako hakosei. Ila usiichukue nishati kama kipimo cha mwisho, kwa sababu nishati haisemi risasi itasimama wapi.

Turudi kwenye mkono wako. Teke la bastola hutokana na uzito wa kichwa cha risasi mara kasi yake, ukigawanya kwa uzito wa bastola. Chukua .380 yako: gramu 6.2 mara mita 265, gawanya kwa gramu 270. Unapata mita 6.1 kwa sekunde, ndiyo kasi ambayo mpini unarudi kukupiga kwenye kiganja (nimeacha uzito wa baruti ili hesabu iwe rahisi). Sasa chukua 9 mm, kaliba anayokushauri kijana wako, ndani ya bastola kamili ya gramu 700: mita 3.8. Yaani bastola ya 9 mm ya kawaida inarudi polepole kuliko hiyo ndogo uliyonayo. Risasi ileile yako ya .380 ikipigwa kwenye bastola ya gramu 520 hurudi kwa mita 3.2, karibu nusu ya maumivu unayoyapata leo. Na .32 kwenye bastola nyepesi mno ya gramu 190 hurudi kwa mita 6.3, sawa na yako au zaidi. Kwa hiyo kushuka kaliba bila kupanda uzito kunaweza kusikupunguzie chochote.

Mpini nao una sehemu yake. Bastola za mfukoni zina mpini mwembamba na mfupi unaobakiza kidole kidogo hewani, hivyo nguvu yote ya teke inaingia sehemu nyembamba kati ya kidole gumba na cha shahada. Ndicho kiungo ambacho baridi yabisi hupenda kukishambulia. Mpini mpana hutawanya nguvu hiyo kwenye kiganja chote.

Kuna jambo jingine wauzaji wengi hawalielezi, nalo linahusu slaidi. Bastola zina njia mbili za kuifunga chemba (chumba cha risasi nyuma ya mtutu) wakati wa kufyatua. Katika njia ya kwanza, mtutu na slaidi hufungamana kwa muda mfupi na kurudi pamoja kabla ya kuachana. Katika ya pili hakuna kufuli. Kinachoizuia slaidi isifunguke mapema ni uzito wake na springi ngumu tu. Bastola nyingi za zamani za .380 ni za njia hii ya pili, mfano Walther PPK, na ndiyo maana slaidi yake ni ngumu kuvuta na teke lake ni kali ingawa bastola yenyewe ina uzito wa kutosha. Kwa mkono wako tafuta .380 yenye kufuli. Mwaka 2018 Smith & Wesson walitoa M&P 380 Shield EZ, ya gramu 520 hivi, magazini ya risasi 8, iliyoundwa makusudi ili slaidi yake ivutike na mikono dhaifu. Magazini yake ina vitufe pembeni vya kuivuta springi chini unapojaza risasi. Ina pia kizuizi nyuma ya mpini ambacho ni lazima kibanwe na kiganja ndipo ifyatuke, kwa hiyo hakikisha mkono wako unakibana kila mara bila kufikiria. Hapo ndipo ningekutuma wewe kwanza.

Ikiwa hata slaidi hiyo inakushinda, kuna bastola ambazo mtutu wake huinuka mbele kwa kubonyeza kitufe. Unaweka risasi ya kwanza kwa vidole moja kwa moja kwenye chemba, unaufunga mtutu, na hugusi slaidi. Beretta 3032 Tomcat ya .32 ni ya namna hiyo. Uzito wake unakaribia gramu 400, hivyo teke lake huwa karibu mita 3 kwa sekunde, ambalo linavumilika. Udhaifu wake ni kwamba haina ndoano ya kuvuta ganda, hivyo risasi ikikataa kulipuka, kuvuta slaidi hakuitoi chembani: inabidi uinue mtutu ndipo uitoe.

Kabla ya kununua chochote, jaribu namna nyingine ya kuvuta slaidi, maana wengi huivuta kwa ncha za vidole viwili kwa mkono ulionyooshwa, na hapo hata kijana mwenye afya hupata tabu. Toa magazini. Ilete bastola karibu na kifua, mtutu ukielekea upande salama muda wote, kidole kikiwa nje ya kifyatulio. Shika slaidi kwa kiganja kizima kutoka juu, nyuma ya tundu la kutolea maganda. Sasa usiivute slaidi. Ishikilie pale pale, kisha usukume mpini mbele kwa nguvu ya bega na mwili. Kama bastola ina nyundo ya nje, ivute nyundo kwanza kwa dole gumba: springi ya nyundo ni sehemu ya ule ugumu unaousikia. Watu wengi walioambiwa wanunue .22 walihitaji mbinu hii tu. Lakini usikubali fundi akuwekee springi ya slaidi iliyo laini kuliko ya kiwandani. Slaidi itapiga nyuma kwa nguvu, risasi zitakwama, na bastola itachakaa upesi.

Sasa nizungumzie .22, kwa sababu muuzaji ameitaja na kasoro yake kubwa hakuitaja. Risasi za kaliba nyingine zote nilizotaja zina fataki (kiwashio cha baruti) iliyopachikwa katikati ya kitako cha ganda. Ya .22 haina. Unga wa fataki humwagwa ndani ya ganda ukiwa majimaji, kisha huzungushwa ili usambae kwenye ukingo wa kitako. Usiposambaa kote, na pini ikagonga pale palipo patupu, hakuna mlipuko. Risasi nzuri za .22 hukataa mara chache na zile za bei ya chini hukataa mara nyingi, lakini kwa jumla hakuna .22 inayofikia uaminifu wa risasi yenye fataki ya katikati. Juu ya hapo vichwa vyake vingi ni vya madini ya risasi bila kuvikwa shaba, vilivyopakwa nta, hivyo bastola huchafuka haraka. Na ukingo wa ganda umejitokeza: unapojaza magazini, ukingo wa risasi ya juu lazima ukae mbele ya ukingo wa iliyo chini yake. Ukikaa nyuma, risasi haitasogea, na utakuwa na bastola ya risasi moja.

Kwa sababu hiyo, anayelazimika kutumia .22 hushauriwa achukue rivolva. Risasi ikikataa, anabonyeza tena na silinda humletea nyingine. Nyingi hubeba 8 badala ya 5 za .38, na teke lake kwenye rivolva ya gramu 390 ni mita 1.9 kwa sekunde, dogo kabisa. Lakini sikiliza, mama: kifyatulio cha rivolva ya .22 huwa kigumu kuliko cha .38 ya muundo uleule, mara nyingi kilo 5 au zaidi, kwa sababu ukingo wa ganda unahitaji kugongwa kwa nguvu. Mkono usiopenda teke utafurahi, lakini kidole chenye baridi yabisi kitateseka. Wengi huinunua kwa kusikia haina teke, kisha hugundua hawawezi kubonyeza mara tano mfululizo bila mtutu kuyumba. Ijaribu ikiwa tupu kabla hujalipa. Bonyeza mara kumi ukitazama kilengeo cha mbele. Kikitikisika kila mara, hiyo si yako.

Kuhusu .25, historia yake inaeleza kila kitu. Mbunifu wa silaha John Browning aliiunda mwaka 1905 kwa bastola ndogo ya kampuni ya FN ya mfuko wa fulana, akitaka nguvu inayokaribiana na .22 lakini yenye fataki ya katikati ili isikatae. Wakati huo lilikuwa wazo zuri. Leo, ndani ya bastola yenye ukubwa uleule, unaweza kupata .32 yenye nishati inayokaribia mara mbili. Aliyerithi .25 inayofanya kazi asiitupe, ila asiitafute dukani.

Ya .32 hudharauliwa bila haki. Browning huyohuyo aliiunda mwaka 1899, na polisi wa nchi nyingi za Ulaya waliibeba hadi karne ya 20 ilipofika mbali. Risasi yake iliyovikwa shaba nzima hupenya vizuri, mara nyingi zaidi ya ile sentimita 30, na kwa sababu teke ni dogo risasi ya pili hufuata upesi. Tahadhari moja: ganda lake nalo lina ukingo uliojitokeza kidogo. Risasi zenye tundu puani za kaliba hii huwa fupi, zikicheza mbele na nyuma ndani ya magazini mpaka ukingo mmoja unajifunga nyuma ya mwingine. Bastola inakwama vibaya, na kuitoa kunahitaji kifaa. Tumia urefu kamili, shaba nzima, gramu 4.6.

Rivolva fupi ya .38 nyepesi hupewa wanawake na wazee kama zawadi, na inanisikitisha kila ninapoliona pendekezo hilo. Ina kifyatulio kigumu, vilengeo vidogo, risasi 5, na teke linalokaribia la bastola yako ya sasa. Ni silaha ya mtu mwenye mazoezi mengi. Aliyenayo tayari ajaribu risasi butu za shabaha zenye kichwa bapa cha gramu 9.6: teke lake ni dogo, hazitanuki, lakini ukingo wao mkali hukata na kupenya vya kutosha. Na .22 Magnum kwenye mtutu wa sentimita 5 hutoa mwako na kelele nyingi kuliko faida.

Suala la aina ya kichwa cha risasi ndipo kaliba ndogo huokolewa au kuharibiwa. Kwa 9 mm jibu ni rahisi: risasi ya kisasa yenye tundu puani hutanuka na bado hufika sentimita 30. Kaliba ndogo hazina nguvu ya kufanya yote mawili. Risasi ya .380 yenye tundu, kutoka mtutu wa sentimita 7, mara nyingi hutanuka vizuri ikasimama kwenye sentimita 20 au 25. Au tundu huzibwa na kitambaa cha nguo, isitanuke kabisa, ikafanya kazi ya risasi ya kawaida. Zipo chache zilizoundwa zitanuke kidogo tu na kufika kina kinachotakiwa, na zile zenye kichwa cha Hornady XTP zinajulikana kwa hilo. Kama huzipati, au sheria ya nchi yako hairuhusu raia kutumia risasi zenye tundu, chukua shaba nzima yenye pua bapa. Pua bapa hukata, ilhali pua ya mviringo huteleza na kusukuma pembeni. Kwa .32 na .25, shaba nzima tu. Kwa .22, kichwa kizima cha gramu 2.6 cha kasi ya juu, bila tundu. Uzuri wa tundu unaoonekana kwenye picha ya tangazo usikushawishi: kina kwanza, upana baadaye.

Na kwa kuwa bastola yako hukaa nyumbani, usiamini kwamba kaliba ndogo haitapita ukutani. Kila kaliba niliyoitaja hapa, .22 ikiwemo, hupenya ukuta mwepesi wa mbao za jasi na mlango wa chumba risasi ikiwa bado na nguvu ya kuua. Jua mapema nani analala upande gani.

Sasa njia ya kuamua, isiyotegemea maneno yangu wala ya kijana wako. Nenda kwenye uwanja unaokodisha bastola au omba wenzako wakuazime mbele ya mwalimu. Vaa kinga ya masikio na macho, maana hata .22 huharibu usikivu. Chukua tatu: .380 nzito yenye kufuli, .32 na .22. Ongeza 9 mm ya gramu 700 kama slaidi yake unaiweza, kwa maana ile hesabu ya teke inaweza kukushangaza mkononi kama inavyoshangaza kwenye karatasi. Weka sahani ya karatasi ya sentimita 20 mita 5 mbele yako. Anza na mtutu umeinamishwa kuelekea ardhini mbele yako, kidole nje. Ukipewa ishara, inua na upige risasi 5 ndani ya sekunde 5. Rudia mara 4 kwa kila bastola. Ukiingiza 18 kati ya 20 ndani ya sahani, na mkono ukiwa bado unaweza kuendelea, umefaulu. Chagua kaliba kubwa kuliko zote ulizofaulu nazo, ukiacha ile uliyoikosa hata kama wote wanaisifu.

Usishangae ukipiga vizuri zaidi na bastola kubwa. Kwenye bastola ya mfukoni vilengeo viwili hukaa mbali kwa sentimita 10 tu, hivyo kosa la milimita 1 kwenye kilengeo cha mbele hupeleka risasi sentimita 7 pembeni kwa mita 7. Vikiwa mbali kwa sentimita 16, kosa hilohilo ni sentimita 4 na kidogo.

Ukishachagua, ithibitishe. Piga risasi 200 za kawaida, ukitumia magazini zote utakazokuwa nazo, kisha 50 za aina ile utakayoiweka ya kujihami. Kama ni .22, piga 300 za aina moja bila kubadilisha, na safisha kila baada ya 150 au 200. Hizi ni risasi za siku nyingi, mama, si za siku moja. 40 au 50 kwa safari zinatosha kwa vidole vyako. Andika kila inapokwama: risasi ya ngapi, magazini gani. Ikikwama daima kwenye magazini moja, tatizo ni magazini hiyo, iondoe. Ikikwama popote mkono ukichoka, huenda kifundo cha mkono kinalegea: slaidi ndogo ina mwendo mfupi na huhitaji mpini uliotulia ili ikamilishe safari yake. Ikikwama zaidi ya mara moja katika 100 za mwisho ukiwa umeishika imara, bastola hiyo irudi kwa fundi au dukani.

Na risasi ikikataa kulipuka uwanjani, usiifungue haraka. Mtutu ubaki shabahani, hesabu sekunde 30, kisha ndipo uitoe, kwa kuwa mara chache fataki huchelewa.

Kabla ya kubadilisha, soma kibali chako. Katika nchi nyingi kibali hutaja kaliba na namba ya silaha yenyewe, na kubeba nyingine ni kosa hata kama ni ndogo zaidi. Nchi nyingine huwawekea raia mpaka wa kaliba. Meksiko, kwa mfano, huruhusu .380 lakini 9 mm Parabellum (ndiyo hii 9 mm tunayoizungumzia) ni ya jeshi, na huko swali lako lina jibu moja tu.

Ukiibeba, iwe ndani ya ala ngumu inayofunika kifyatulio chote, peke yake mfukoni au kwenye sehemu yake ya mkoba, bila funguo wala kalamu. Nyuzi za nguo hujaa kwenye bastola ndogo kuliko unavyodhani, kwa hiyo ipulizie na kuifuta kila mwezi. Nyumbani ikae kwenye kisanduku cha kufuli kinachofunguka haraka, hasa kama wajukuu huja. Na usiwe unaitoa risasi ya chemba na kuirudisha ileile kila asubuhi: kichwa chake hugonga ngazi ya chemba na kusukumwa ndani ya ganda kidogo kidogo, na shinikizo hupanda hatari. Iweke sambamba na risasi mpya ya pakiti hiyohiyo. Ikionekana fupi hata kwa nusu milimita, usiipige, itenge na uikabidhi uwanjani.

Hiyo .380 ya gramu 270 usiiuze kabla ya kujaribu nyingine. Ukiipeleka uwanjani siku hiyohiyo ukapiga risasi zake 5 mwishoni, baada ya bastola nzito, mkono wako wenyewe utakuambia tofauti iko wapi.